Nani aanze kupokea? Jinsi ya kupanga namba na kupiga kura ya haki kwa simu yako

Msikilizaji wetu mmoja wa Kilolo alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Hakutukana. Alisema tu kwamba zawadi zetu zinaishia Mbeya mjini kila siku, na kwamba wao wa huko milimani wanapoteza salio lao bure.

Ujumbe huo ulituuma, tukaamua kuangalia jinsi tunavyochagua washindi. Hatukukuta mtu aliyepewa zawadi kwa kujuana. Tulikuta kosa jingine, tena letu wenyewe. Mtayarishaji alikuwa anauliza swali hewani, anasubiri dakika moja au mbili, kisha anafungua simu ya studio, anatelezesha kidole na kusimama "popote". Kwa dakika hizo mbili, ujumbe wa watu wa mjini ulikuwa umeshaingia. Ujumbe wa mtu anayepanda kichuguu kutafuta mtandao ulifika wakati jina la mshindi limeshasomwa. Na hiyo "popote" ya kidole, tulipofuatilia, karibu kila mara ilikuwa juu kabisa ya kioo.

Kwa hiyo msikilizaji wetu alikuwa na haki ya kulalamika. Hakukuwa na mwizi, lakini hakukuwa na usawa pia.

Siku hizi tunafanya tofauti. Tunafunga orodha kwa saa iliyotangazwa, tunaipa namba kuanzia moja hadi mwisho, kisha simu inachagua namba yenyewe kwa amri ya maneno machache. Wengi mmeuliza amri hiyo ni ipi, na kama inaweza kusaidia vikundi vyenu vya mchezo, zamu za maji na ghala. Inaweza. Makala hii inaeleza hatua kwa hatua.

Namba za aina mbili

Tuanze na tofauti moja, kwa sababu ndiyo msingi wa yote.

Namba za mfululizo ni zile zinazofuatana: 1, 2, 3, 4. Kazi yake ni kutambulisha. Unamwandikia kila mwanakikundi namba yake kwenye daftari, au unaweka namba kwenye kila gunia ghalani. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachorukwa wala kurudiwa. Ikikosekana namba 17, kila mtu anaona.

Namba za kubahatisha hazina mpangilio. Kazi yake ni kuchagua bila upendeleo, au kuficha. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kujua mapema itakayofuata.

Matatizo huanza tunapotumia aina moja kwa kazi ya nyingine. Tazama kitambulisho chako cha NIDA. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Hapo hakuna ubaya, kwa sababu kazi ya namba ile ni kukutambulisha. Lakini ukichukua mwaka wako wa kuzaliwa ukaufanya namba ya siri ya pesa zako za simu, umechukua namba ya kutambulisha ukaipa kazi ya kuficha. Anayeokota kitambulisho chako anaweza kujaribu mwaka huo kwanza.

Unachohitaji

Unahitaji simu janja ya Android yenye toleo la 7 au la juu zaidi, na programu ya bure inayoitwa Termux. Inapatikana kwenye duka la programu huria la F-Droid. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Ikishakaa kwenye simu, amri tutakazozieleza hapa hazihitaji bando wala mtandao.

Ukiifungua utaona kioo cheusi chenye alama ya dola, kikisubiri uandike. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika amri, unabonyeza kitufe cha kuingiza kwenye kibodi, na simu inajibu kwa maandishi. Usiogope weusi wake. Amri za leo hazifuti kitu chochote kwenye simu yako.

Zingatia mambo mawili: andika kwa herufi ndogo, na usisahau nafasi kati ya maneno. Ukikosea, simu itasema haiijui amri hiyo. Andika tena.

Wenye kompyuta za Linux watazikuta amri hizi hizi ndani yake. Kwenye kompyuta za Mac ipo amri nyingine inayoitwa jot, iliyoandikwa na John Kunze na kutoka pamoja na mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Hiyo hufanya kazi zote mbili, mfululizo na kubahatisha. Sisi leo tutatumia mbili za kwenye simu: seq na shuf.

Amri ya kwanza: seq, ya kupanga mfululizo

Andika hivi:

seq 24

Simu itakuandikia 1 hadi 24, kila namba kwenye mstari wake. Ukitaka kuanzia namba nyingine, taja mwanzo na mwisho:

seq 101 150

Ukitaka iruke, weka hatua katikati. Hii itaanza na 0, iende kwa tano tano hadi 30:

seq 0 5 30

Na hii ni nzuri kwa wenye ghala. Inatengeneza lebo zenye herufi na namba:

seq -f "GH-%03g" 1 150

Utapata GH-001, GH-002, hadi GH-150. Alama ile %03g inaiambia simu iandike kila namba kwa tarakimu tatu, ikijaza sifuri mbele. Herufi za GH unaweza kuzibadili ziwe za kijiji chenu.

Amri ya pili: shuf, ya kuchanga

Umeona watu wakichanga karata kabla ya kugawa. Amri ya shuf hufanya hivyo hivyo kwa namba.

shuf -i 1-24

Hapo simu inachukua namba zote kuanzia 1 hadi 24 na kuzichanga. Kila namba inatokea mara moja tu. Ukitaka washindi watatu tu, ongeza idadi:

shuf -i 1-24 -n 3

Hii ndiyo amri tunayotumia studio. Wakiingia watu 212 kabla ya muda kufungwa, tunaandika 1-212, na namba inayotoka tunaitafuta kwenye orodha.

Mtu atauliza: simu inabahatishaje, wakati ni mashine? Wakulima mtaelewa haraka. Ndani ya amri hii kuna hesabu inayoanza na namba ya kwanza inayoitwa mbegu. Mbegu ile ile huzaa mazao yale yale. Kwa hiyo kila unapoandika shuf, inachota mbegu mpya kutoka kwenye hifadhi ambayo mfumo wa simu umeikusanya kutokana na matukio yasiyotabirika. Ndiyo maana ukirudia amri hiyo hiyo, mpangilio hubadilika.

Mfano: mchezo wa watu 24

Sasa twende kwenye jambo linalovunja urafiki wa watu kila msimu.

Chukua kikundi cha watu 24 wanaocheza mchezo, au upatu, wa shilingi 20,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anabeba shilingi 480,000. Wameanza wiki ya kwanza ya Oktoba. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua za kupandia tunazitegemea Novemba. Anayepokea Oktoba ananunua mbegu na mbolea kwa wakati. Wa mwisho anapokea baada ya wiki 24, yaani mwezi Machi, mahindi ya wenzake yameshabeba. Pesa ni ile ile, lakini msimu umempita.

Ndiyo maana swali la nani aanze si dogo. Na ndiyo maana kijumbe akisema "tumepanga tu kawaida", halafu dada yake akawa wa pili, maneno hayaishi.

Fanyeni hivi.

Kwanza, katibu aandike majina yote kwenye daftari na kuyapa namba 1 hadi 24. Asome kwa sauti, kila mmoja asikie namba yake. Baada ya hapo daftari halibadilishwi.

Pili, tangazeni kabla ya kubonyeza: amri itaandikwa mara moja tu, na kitakachotoka ndicho.

Tatu, mtu asiye na jina kwenye orodha aandike amri hii, wengine wakitazama kioo:

shuf -i 1-24 | nl | tee zamu.txt

Tuifafanue. Ule mstari wa wima unapeleka matokeo ya amri moja kwenye amri inayofuata, kama maji yanavyopita kutoka mfereji mmoja kwenda mwingine. Shuf inachanga namba. Amri ya nl inaweka namba ya zamu mbele ya kila mstari. Amri ya tee inaonyesha matokeo kwenye kioo na wakati huo huo inayatunza kwenye faili liitwalo zamu.txt. Mstari wa kwanza ukisomeka 1 na 19, maana yake zamu ya kwanza ni ya mwanachama namba 19. Siku yoyote mkitaka kuliona tena, andikeni:

cat zamu.txt

Nne, nakilini matokeo kwenye daftari, wote watie saini.

Watu 24 wanaweza kupangwa kwa njia nyingi kiasi kwamba idadi yake ni namba yenye tarakimu 24. Ukibonyeza mara moja mbele ya mashahidi, hakuna anayeweza kukuambia ulijua mapema utakaotoka.

Angalizo la hatua ya pili ndilo kubwa kuliko yote. Njia rahisi ya kuiba kwa kifaa hiki ni kurudia. Kijumbe anabonyeza, haoni jina analolitaka, anasema "mtandao umesumbua, ngoja nirudie". Amri hii haitumii mtandao. Akisema hivyo, mjue.

Magunia ghalani

Mpunga umevunwa Mbarali, magunia 150 yako ghalani, na mnunuzi anataka kupima unyevu wa magunia manane kabla ya kutaja bei. Akichagua mwenye ghala, atatoa yaliyo mazuri karibu na mlango. Akichagua mnunuzi, atachimba yaliyokaa chini ukutani ili apate sababu ya kushusha bei. Wote wawili wana haki ya kumshuku mwenzake.

Magunia yakiwa na namba, amri inamaliza ubishi:

shuf -i 1-150 -n 8 | sort -n

Zitatoka namba nane, zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo ili msitembee ghala zima kurudi nyuma na mbele. Kazi yenu ni kuyatoa hayo manane, hata kama moja liko chini kabisa ya rundo. Mkisema "hili ni zito kulitoa, chukua la juu yake", mmeshaharibu kipimo.

Namba yako ya siri

Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Wengi wetu hatutumii uwezekano huo. Tunatumia mwaka wa kuzaliwa, 1234, au tarakimu nne za mwisho za namba ya simu. Hapa amri zetu mbili zinafanya kazi pamoja:

seq -w 0 9999 | shuf -n 1

Ya kwanza inaandika namba zote 10,000 kwa mfululizo, ikizijazia sifuri. Ya pili inachanga na kukupa moja. Fanya ukiwa peke yako, ikariri, kisha andika clear ili kioo kifutike. Na usimtajie mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Na vikaratasi kwenye kofia je?

Wengi mna vitochi, na vikundi vingi hupiga kura kwa vikaratasi. Hatusemi muache. Tunasema mchanganye kwelikweli.

Marekani walijifunza hilo kwa gharama. Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, walipiga kura ya kuchagua vijana wa kwenda jeshini kwa kufuata siku zao za kuzaliwa. Waliweka tarehe 366 ndani ya vidonge vya plastiki, wakavitumbukiza kwenye chombo kirefu cha kioo, na kutoa kimoja kimoja. Aliyezaliwa tarehe iliyotoka mapema aliitwa mapema. Tarehe ya kwanza kutoka ilikuwa 14 Septemba.

Baadaye wataalamu wa takwimu walipotazama matokeo, waliona tarehe za mwisho wa mwaka, hasa za Desemba, zimetoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Vidonge viliwekwa mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha. Hakuna aliyekusudia, lakini kijana wa Desemba alibeba mzigo mkubwa zaidi kwa sababu kidonge chake kiliingia mwisho. Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilishwa.

Kwa hiyo, kama mnatumia kofia: vikaratasi viwe vya ukubwa mmoja, vikunjwe kwa namna moja, vimwagwe kwenye ndoo kavu na kuchanganywa na watu zaidi ya mmoja kwa muda mrefu. Anayechota afumbe macho na aingize mkono hadi chini. Ile desturi ya "taja namba yoyote kichwani mwako" iacheni. Kichwa cha binadamu hakibahatishi vizuri. Waombe watu wachague namba kati ya moja na kumi, uone wangapi watakuambia saba.

Mbona amerudia yule yule?

Lalamiko hili litakuja, jiandaeni. Mzunguko uliopita alianza namba 7. Mzunguko huu anaanza tena namba 7. Watu wananong'ona.

Katika kikundi cha watu 24, uwezekano kwamba aliyeanza mzunguko uliopita ataanza tena ni mmoja kati ya 24. Ni mdogo, lakini upo. Kura haina kumbukumbu. Haijui nani alibeba mwaka jana, kama mvua isivyojua ilinyesha shamba la nani jana. Mkitaka aliyepokea mwanzo safari hii awe wa mwisho, kubalianeni hivyo kabla ya kura, mumwondoe kwenye kuchangwa na kumweka nafasi ya 24. Hiyo ni kanuni nzuri, mradi iwekwe mapema na si baada ya kuona matokeo.

Kura haiwezi kila kitu

Kura inaondoa upendeleo. Haioni shida ya mtu. Kama mwenzenu ana mgonjwa hospitalini na zamu yake ni ya 20, simu haitajua. Ninyi mtajua, na mwenye zamu ya pili anaweza kukubali kubadilishana naye. Andikeni badiliko hilo kwenye daftari, wote walione.

Kura haitibu pia orodha mbovu. Jina la bibi ambaye hakufika kikaoni likiachwa, hakuna amri itakayolichagua. Hakikini orodha kwanza, kisha ndiyo mchange.

Na jambo la kisheria: kupanga zamu zenu wenyewe ni mambo ya kikundi. Lakini mkianza kuuzia watu tiketi ili wagombee zawadi, hiyo ni bahati nasibu, na iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa na sheria ya mwaka 2003. Ulizeni kabla ya kuuza hata tiketi moja.

Sisi hapa studio tumeshabadilika. Baada ya swali, tunasubiri hadi kipindi kinachofuata ndipo tunafunga orodha, ili ujumbe wa Kilolo, wa Makete na wa Chunya upate muda wa kufika. Idadi ya walioingia tunaitaja hewani kwanza, kisha tunabonyeza mara moja tu, na namba inayotoka tunaisoma kama ilivyo. Mkitusikia tukibonyeza mara mbili, tupigieni simu hapo hapo mtuulize kwa nini.